Kigoda cha Gaspari

Wenzangu wa rika langu, mliojifunza kuandika kwa kidole mchangani kabla ya kupewa daftari, mtanielewa nikisema kwamba hofu ya siku hizi haina adabu. Wajukuu wanaangalia watu wakichinjwa kwenye simu huku wanakula chipsi. Sisi hofu ya sinema ilitujia jioni moja tu, ikatosha kijiji kizima. Kwetu nyumbani ilizidi kiasi, iliingia ndani ikakaa.

Niliikuta tena juzi pale Kabanga mpakani, mezani kwa mama anayeuza CD za filamu jirani na wale wanaobadilisha fedha. Nilikuwa natoka kumzika Mama. Mkononi nilikuwa na kigoda cha miguu mitatu, maana ndugu walipogawana vitu vyake mimi sikutaka kitenge wala sufuria, nikachukua hicho. Kondakta alikuwa ameshaniuliza kama basi lake halina viti. Nilisimama pale mezani kungoja gari la Biharamulo, sina nia ya kununua chochote, macho yamevimba, na ndipo nikakiona kile kiti.

Kiti cha kubembea, cheusi, mgongo mrefu, peke yake katika chumba kitupu. Hiyo ndiyo picha iliyokuwa juu ya kasha. Chini yake waliandika kwa Kiingereza kwamba ni filamu ya kutisha iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya televisheni, kwamba sasa imesafishwa picha na sauti, na kwamba watu wanaweza kuwa nayo majumbani mwao kwa mara ya kwanza. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Nyumbani kwetu tulikuwa nayo siku zote.

"Hiyo haichukuliwi, mama," yule muuzaji alisema. "Watu wanataka za ngumi. Hiyo ni ya wazee."

"Ndani kuna hadithi tatu, sivyo?"

"Tatu, ndiyo. Umeshaiona?"

"Niliiona nikiwa mtoto. Kijijini kwetu, upande wa Kirushya."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mfiwa ameanza kuchanganyikiwa. "Mama yangu, hii ilikuwa ya televisheni ya Ulaya. Huku televisheni ilikuwepo wapi?"

Nililipa, nikaitia ndani ya mfuko pamoja na kanga ya matanga.

Televisheni haikuwepo kweli. Vilikuwepo vijiji vya Ujamaa. Sisi tulikuwa tumehamishwa kutoka mlimani, tukaacha nyumba yetu katikati ya migomba iliyopandwa na babu, tukapangwa kando ya barabara katika mstari ulionyooka, nyumba ikitazama nyumba, na hakuna mgomba hata mmoja wa kuficha aibu. Baba alikuwa akirudi kule mlimani kuiba ndizi zake mwenyewe. Alisema hivyo hivyo, "Nakwenda kuiba," na Mama alikuwa anamwambia anyamaze.

Kaka yangu Gaspari ndiye aliyekuwa mcheshi wa nyumba. Mimi nilikuwa kitindamimba, yeye kijana aliyeanza kunyoa ndevu, na katikati yetu kulikuwa na watoto ambao Mama aliwazika kule mlimani na hakuwataja. Gaspari alichonga kigoda chake mwenyewe kwa mti alioubeba kutoka shamba la zamani. Alikiweka mlangoni, na jioni alikaa pale akiwatania wapita njia. Ambao hamkukulia kwetu nawaambia: kigoda cha mtu ni cha mtu. Hukalii kigoda cha mwenzako, na cha aliyekufa ndiyo kabisa, kinawekwa pembeni mpaka wakubwa waseme. Mtoto alikuwa anachapwa kwa jambo hilo.

Wazungu waliokuwa wakipima barabara walipiga mahema yao nje kidogo ya kijiji. Siku moja gari lao lilizama kwenye tope, kijiji kizima kikalivuta kwa kamba, na kwa shukrani wakasema watatuonyesha sinema. Wakatundika shuka nyeupe kwenye nguzo mbili karibu na ghala la kijiji, wakawasha jenereta. Hadi leo nikinusa moshi wa dizeli uliochanganyika na nyasi zilizokanyagwa, nageuka kuitafuta shuka ile. Sisi tuliokwisha kuona sinema za serikali tulitegemea pamba, mbolea na namna ya kuchemsha maji. Badala yake kikaja kile kiti.

Mwanamke mwenye gauni jeupe anaketi. Kiti kinaanza kubembea chenyewe, polepole, kisha kwa kasi, naye hawezi kunyanyuka. Anapiga kelele. Asubuhi wanamkuta amekodoa macho, wanamtia ndani ya sanduku, wanamfukia. Mwalimu wetu alipewa kazi ya kutafsiri, akatafsiri kidogo pale mwanzoni, kisha naye hofu ikampata akawa anasema tu, "Sasa anaogopa. Sasa anaogopa sana." Watoto tulikuwa tunalia. Upepo ulikuwa unaitikisa shuka, na nyuso za watu zilikuwa zinakunjamana na kukunjuka.

Halafu, mara, mwanamke yuko palepale ndani ya kiti! Nyumba nyingine, nywele nyekundu, anacheka. Kijiji kiliruka. "Amefufuka!" watu walipiga kelele, wengine wakakimbilia gizani. Naye akafa. Akaja tena, mara hii amevaa miwani na kitambaa kichwani, akaketi katika kiti kilekile.

Mimi nilikuwa nimejificha kwapani mwa Gaspari. Aliniinua kidevu.

"Vene, acha kulia. Huyu mama hafi. Kule kwao mtu akifa hapa anatokea pale, amebadili nywele na jina. Basi."

Mama alikuwa amejifunika kanga usoni, akichungulia kwa jicho moja. Aliuliza, naandika kwa Kiswahili ingawa alisema kwa Kihangaza, "Ni yeye kweli?"

"Ni yeye, Mama. Si unaona anakaa kwenye kiti chake? Nani angekalia kiti cha mwenzake?"

Mama alifikiri. Hoja ile haikuwa na pa kuipingia. "Kweli," alisema, "ni yeye."

Nililala vizuri siku ile. Nilijua kwamba kuna watu wasiokufa, na nilidhani ni jambo la wazungu tu, kama magari.

Vita ilipokuja, kwetu hatukusikia bunduki. Tulisikia malori. Nduli wa Uganda ameingia Kagera, redio ya kijiji ilisema, na neno Kagera lilinichanganya, maana mto ule tuliufahamu, ulipita kwetu kwanza ndipo ukaenda huko wanakopigana. Vijana waliofanya mafunzo ya mgambo waliitwa ghalani. Gaspari aliinuka kwenye kigoda chake, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiingiza ndani na kukiweka kando ya mlango.

Mama hakuwa analia. Alikuwa amekasirika, alimsukuma kwa kidole kifuani. "Na wakikuua?"

Gaspari akacheka. Kucheka ndiyo ilikuwa tabia yake, hata msibani alikuwa anachekesha watu. "Wakiniua hapa nitatokea pale, Mama. Nitakuja na nywele nyingine. Msije mkanifungia mlango kwa kuwa hamnijui."

"Usifanye mzaha na mimi."

"Sifanyi mzaha. Mtanijua kwa kigoda. Atakayeingia humu akakaa juu yake bila kuuliza, huyo ndiye mimi."

Lori likawachukua kuelekea Biharamulo. Alikuwa amesimama nyuma, anapunga mikono yote miwili kama anayefukuza ndege kwenye mtama, na mimi nilikuwa na wivu tu kwamba anapanda gari.

Taarifa ililetwa na mwenyekiti wa kijiji, pamoja na kijana wa kitongoji cha pili aliyekuwa amerudi akichechemea. Mwenyekiti alivua kofia. "Mama, serikari inakupa pore. Kijana wetu amekufa kishujaa." Yule kijana alisema kwamba walikuwa wanavuka mto, Gaspari alikuwa mbele yake, kisha hakuwepo. Maji yalikuwa mengi. Hakuna aliyerudi kutafuta.

"Ulimwona amekufa?" Mama aliuliza.

"Nilimwona ameanguka, mama."

"Nimekuuliza kufa."

Mwenyekiti akakohoa. Mama akawakaribisha maji, akawashukuru, akaenda kumenya viazi. Nilimfuata jikoni nikitegemea kilio, nikamkuta uso wake umetulia kabisa, na utulivu ule ndio ulionitisha kuliko kiti chochote.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, haachwi hivihivi. Hukatwa mgomba, kipande cha urefu wake, kikafungwa kwa mkeka au blanketi yake, kikazikwa kama anavyozikwa mtu. Watu wanalia, wananyoa, kisha wanashika majembe. Bila hivyo matanga hayaishi na maisha ya nyumba hayaendelei. Baba alingoja mpaka mvua zikatulia, akaenda mlimani, kwenye shamba ambalo lilikwisha kuwa pori. Alirudi na mgomba kichwani. Sijamwona mtu amechoka vile. Aliulaza uani, akaukata kwa urefu wa Gaspari bila kupima, maana alimjua, akaufunga katika blanketi ya kijivu iliyokuwa ya Gaspari. Majirani walianza kuja, wameinamisha vichwa.

Mama alitoka ndani na panga.

"Unamzika nani?" alimwuliza Baba.

"Mama Gaspari, tumwache mtoto apumzike."

"Nimekuuliza unamzika nani. Mtoto wangu atakuja hapa, akute kaburi lake, atakaa wapi?"

Akaifungua ile blanketi, akaikung'uta, akaikunja vizuri. Kisha akaukatakata ule mgomba vipande vipande mbele ya watu, maji yake yakimrukia mikononi, akawatupia mbuzi. Mbuzi wakala. Baba alibaki amesimama, mikono inaning'inia. Majirani waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Hakuna aliyerudi kuzungumzia jambo lile, hata Baba mwenyewe, na ninaamini siku ile ndiyo aliyoanza kufa, ingawa aliendelea kulima kwa miaka mingi.

Mimi nilikuwa upande wa Mama, tena kwa moyo wote. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Nilikuwa shahidi.

Tukaanza kwenda Kabanga. Mama alisema tunafuata chumvi na sabuni, vitu vilivyokuwa vimepotea madukani wakati ule wa kufunga mikanda, na kweli tulikuwa tunarudi na chumvi. Lakini alikuwa anasimama pale magari yanaposhushia watu, anawaangalia wanaume. Hakuangalia nyuso. Nyuso hazikuwa na kazi tena, wala nywele. Alikuwa anaangalia namna mtu anavyotupa mguu, namna anavyocheka. Siku moja akamshika mkono kijana mmoja mchuuzi wa chumvi aliyekuwa akiwatania wenzake, mrefu kuliko Gaspari, mweusi zaidi, mwenye pengo.

"Shikamoo, mama," kijana alisema kwa mshangao.

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Mimi ni wa Muyinga, mama. Ng'ambo."

"Najua," Mama alisema kwa upole ambao mimi sikuwahi kupewa. "Sasa unaitwa nani?"

Alitaja jina, silikumbuki. Mama alilirudia mdomoni, akilizoea. Akamwomba atusaidie kubeba mzigo hadi kijijini, naye akakubali, maana alikuwa na adabu, na Kirundi chake na Kihangaza chetu vilielewana kama ndugu. Njia nzima alituchekesha. Mimi nilimshika mkono mwingine. Niliamini. Nilikuwa tayari nimeshapanga kumwonyesha meno yangu mapya.

Tulipofika, Mama aliingia haraka, akamwacha mlangoni, akaenda kusimama nyuma kabisa ya chumba. Kigoda kilikuwa pale kando ya mlango. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Kijana akatua mzigo, akajifuta jasho, akakiona kigoda. Akakitazama. Na mimi nikasema moyoni, kaa, kaa, kaa.

"Nikae wapi, mama?" aliuliza.

Mama aliteremsha kanga. Sitaki kueleza uso wake. "Kaa hapo chini," alimwambia, "hicho kina mwenyewe." Akampa uji, akampa ndizi mbivu za njiani, akamshukuru. Alipoondoka Mama alikwenda nyuma ya nyumba, na hapo ndipo nilipomsikia akilia kwa mara ya kwanza tangu lori liondoke. Nilikaa ndani nikiziba masikio. Nilimchukia yule kijana kwa adabu yake.

Walikuja wengine. Fundi baiskeli, kibarua, baadaye wakimbizi waliopita kwa makundi kuelekea kambi ya Benaco wakiwa na watoto mgongoni. Mama alikuwa anawapa maji, anawaacha mlangoni, anatazama. Wote waliuliza. Watu wa kwetu wamelelewa vizuri, hiyo ndiyo ilikuwa balaa yetu. Kila aliyeuliza alijibiwa vilevile, kina mwenyewe.

Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimwuliza Mwalimu. Alicheka hadi akatoa miwani. "Mjinga wewe. Yule ni mwigizaji. Mtu mmoja, analipwa, wanambadilisha nywele na nguo, basi." Nilirudi nyumbani na maneno hayo mdomoni, nikamkuta Mama anafuta kigoda vumbi kwa kiganja, nikayameza. Nimeyameza mpaka nimemzika. Baba amelala kule mlimani, tulimrudisha kwenye shamba lake, na Mama sasa yuko kando yake. Upande wake wa kushoto pana nafasi. Matangani binamu yangu alinivuta pembeni akaniuliza kama sasa tunaweza kumkatia Gaspari mgomba, maana aliyekuwa anakataa hayupo, na wa kusema ndiyo nimebaki mimi. Nilimwambia nitampigia simu.

Kwa hiyo jana, nyumbani kwangu Biharamulo, niliwasha deki nikaitia ile CD. Nilikiweka kigoda karibu na mlango, sikujua niweke wapi pengine. Nilitaka kumwona yule mama anayebadilishwa nywele. Nilitaka kumwona kwa macho ya mtu mzima, nicheke, nimalize, nimpigie binamu yangu simu.

Wameisafisha kweli. Hakuna shuka, hakuna upepo. Unaona kila kinyweleo. Nilimwona mwanamke wa kwanza, mwenye gauni jeupe, ana pua nyembamba na doa shavuni. Nikamwona wa pili, mwenye nywele nyekundu. Nikasimamisha picha. Nikarudisha nyuma, nikaenda mbele, nikarudisha tena. Nikavaa miwani.

Siyo yeye. Ana uso mpana, macho mengine, hata masikio mengine. Na wa tatu ni mwingine kabisa, mzee kuliko wote. Ni wanawake watatu. Hawakufanana hata kidogo. Kijiji kizima hatukuweza kutofautisha nyuso za wazungu, Gaspari hakuweza, hata Mwalimu na usomi wake hakuweza, tukaona kiti kimoja na mtu ndani yake, tukasema ni mwenye kiti. Na sasa Kiingereza nakielewa. Katikati ya hadithi kuna watu wanaopiga mnada. Mwanamke anakufa, wanauza kiti chake, anakinunua mwingine asiyemjua. Ndivyo wanavyofanya kule kwao. Walikufa wote watatu, moja kwa moja, wala hakuna aliyerudi. Kilichokuwa kinarudi ni kiti.

Nilizima. Nililia kwa sauti, kilio cha Mama kule nyuma ya nyumba, na nilimlilia Gaspari kama mtu aliyekufa, nafikiri kwa mara ya kwanza. Simu iliita. Ilikuwa binamu yangu. Niliiangalia mpaka ikanyamaza, nikasema nikishanawa uso nitampigia, nimwambie akate.

Mlango ukafunguliwa. Mjukuu wangu alirudi kutoka shule, viatu mkononi, akaniambia shikamoo Bibi, akatupa begi. Akaketi juu ya kigoda. Hakuuliza. Alikaa tu, akanyoosha miguu, akacheka kwa jambo lililomchekesha njiani.

Nilimtazama nywele. Nilimtazama namna anavyocheka.

"Unaitwa nani?" nilimwuliza.

"Bibi!" alisema, akicheka zaidi. "Hunijui?"

Simu ikaanza kuita tena.

"Ondoka hapo," nilimwambia. "Kina mwenyewe."